Hazishikani au Haziachani: Kauli ya Kutendana na Maradhi ya Klachi

Mjadala kuhusu istilahi za sayansi na teknolojia katika Kiswahili aghalabu huwa mjadala kuhusu nomino. Tunauliza: kifaa hiki tukiiteje? Tukope au tubuni? Tulitohoe neno la kigeni au tulifufue la kale lililosahauliwa? Maswali haya ni ya msingi, na wataalamu wetu wameyashughulikia kwa muda mrefu, tangu Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoundwa mwaka 1930 hadi kuasisiwa kwa BAKITA mwaka 1967 na baada ya hapo. Hata hivyo, mtu akiingia karakana ya jua kali na kusikiliza, atagundua kwamba jina la kifaa ni sehemu ndogo tu ya maarifa. Kifaa kikiugua, anayetaka kukitibu huhitaji kitenzi. Tena huhitaji kujua kitenzi hicho kimenyambuliwaje. Makala haya yanaeleza dai hilo kwa mfano mmoja ninaoufahamu vyema, nao ni klachi ya pikipiki kuukuu.

Klachi ni kifaa kilichowekwa kati ya injini na giaboksi. Injini haiwezi kuzunguka polepole mno bila kuzimika, ilhali gurudumu la nyuma lazima wakati mwingine lisimame kabisa. Pasipokuwa na kitu cha kuzitenganisha pande hizi mbili, kila kusimama kungekuwa kuzima injini. Katika pikipiki nyingi, klachi huwa ni rundo la sahani nyembamba za duara zilizopangwa kwa zamu: moja yenye utando wa msuguano, moja ya chuma kitupu, kisha nyingine yenye utando, hadi mwisho wa rundo. Mafundi wetu huziita pleti. Sahani zenye utando zina meno ya nje yanayoingia katika mapengo ya kasha linalozungushwa na injini. Zile za chuma zina meno ya ndani yanayokamata kitovu kinachopeleka nguvu kwenye giaboksi. Springi huzibana zote pamoja. Zikibanwa, huzunguka kama kitu kimoja na nguvu hufika gurudumuni. Mwendeshaji akiminya mkono wa klachi, ulio upande wa kushoto wa usukani, kebo huvuta, springi hulemewa, sahani huachana, nayo injini hubaki ikizunguka peke yake.

Msomaji wa sarufi atakuwa ameona jambo. Klachi haifanyi kazi ya mtu mmoja. Kila inachofanya hufanywa na pande mbili, na kwa hivyo vitenzi vyake vya asili ni vya kauli ya kutendana: sahani hushikana, sahani huachana. Maradhi yake makuu nayo ni mawili, kila moja likiwa ukanushi wa kitenzi kimojawapo. Kuna klachi ambayo sahani zake hazishikani, na kuna klachi ambayo sahani zake haziachani. Kuna pia ugonjwa wa tatu unaozipata pikipiki zilizoegeshwa kwa miezi au miaka: sahani hugandamana, kana kwamba zimetiwa gundi. Hapo lugha yetu imeweka kauli ya kutendana juu ya kauli ya kutendama, na maana inayopatikana ni kamili: zimekaa katika hali hiyo ya kushikana hata zikaizoea.

Je, tofauti hii ina faida gani nje ya darasa la mofolojia? Nitaeleza kisa cha pikipiki ya baba yangu.

Baba ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi karibu na Mwatate, katika Kaunti ya Taita Taveta. Pikipiki yake ni Honda CG125 ya mwaka 1978, aliyoinunua kwa mtu mwaka 1986. Aina hii iliingia sokoni katikati ya miaka ya 1970 ikiwa imekusudiwa nchi ambazo barabara ni mbovu na mafundi ni wachache. Ina silinda moja ya sentimita za ujazo 124, na vali zake husukumwa na fito kutoka chini, badala ya kuendeshwa na mnyororo unaopanda hadi kichwa cha injini. Mnyororo wa gurudumu la nyuma nao umefunikwa wote ili vumbi lisiufikie. Kwa pikipiki hiyo Baba alihudhuria mikutano ya elimu Wundanyi, yaliyokuwa makao makuu ya wilaya, na kwa hiyo hiyo, baada ya kustaafu, alipanda kila Alhamisi kumwona dada yake mkubwa, ambaye hatoki nyumbani tena kwa sababu ya maradhi ya miguu. Yeyote aliyepita barabara ya kutoka Mwatate kwenda Wundanyi anajua kwamba ni kona juu ya kona na mlima mtupu.

Nilipokwenda nyumbani likizoni, nilimkuta Baba ameacha safari hizo. Fundi mmoja mjini alikuwa ameifungua klachi, akatia sahani mpya, akalipwa. Juma lile lile ugonjwa ukarudi. Baba alipoirejesha, aliambiwa maneno mawili: "Mzee, klachi imekufa." Alipouliza imekufaje, akaongezewa: "Imezeeka tu." Mnunuzi wa chuma chakavu alikuwa amekwisha kuja kuitazama, na walikubaliana aje kuichukua Jumamosi. Baba alinieleza haya bila manung'uniko. Alisema imezeeka kama yeye, na kila kitu kina siku yake.

Tuichunguze kauli ile, "klachi imekufa." Kitenzi kufa ni cha upande mmoja. Hakituambii nani hashikani na nani, wala nani amekataa kuachana na nani. Kiambishi -me- nacho kimeifunga kesi: jambo limetimia, halina wakati wala masharti, na hakuna la kuuliza. Neno "imezeeka" halisaidii zaidi. Uzee si ugonjwa. Klachi ya mwaka 1978 na ya mwaka jana huteleza kwa sababu zile zile, na anayetaja umri wa kitu mahali pa kutaja ugonjwa wake hajakipima. Wazee wetu husikia jawabu la namna hii mahali pengi kuliko karakana, na wengi hulipokea kwa unyenyekevu ule ule alioupokea nao Baba.

Jambo la kwanza lililohitajika, kwa hivyo, halikuwa spana. Lilikuwa maswali. Nilimuuliza, "Baba, inapokataa kwenda, injini hufanyaje?"

"Hupiga kelele, mwanangu. Hulia kama inayokwenda mbio, lakini gurudumu halisikii."

"Na ukiwa tambarare?"

"Tambarare haina neno. Ni pale inapoanza kupanda."

"Asubuhi, kabla haijapata moto?"

"Asubuhi huwa njema mpaka kona ya tatu au ya nne."

"Gia zinaingia?"

"Zinaingia bila kelele. Na nikisimama, haijongei."

Katika majibu hayo mafupi ugonjwa ulikuwa umekwisha kutajwa, na viambishi vilikuwa vimefanya kazi ambayo -me- ya fundi haikuifanya. Baba alitumia hu- ya mazoea, akayataja masharti: ikipanda, ikipata moto. Gia ziliingia bila kelele na pikipiki haikujongea iliposimama, maana yake sahani ziliachana sawasawa. Injini ilivuma bila gurudumu kuongeza mwendo, maana yake hazikushikana. Kupanda mlima kulidhihirisha hilo kwa sababu gurudumu linapolemewa, sahani hutakiwa kupitisha nguvu kubwa zaidi bila kusuguana, na msukumo wa springi ukiwa hafifu hazistahimili. Laiti ugonjwa ungekuwa ule wa pili, Baba angeniambia habari nyingine kabisa: pikipiki inaruka mbele gia ya kwanza inapotiwa, gia zinakwaruza, na gia huru haipatikani injini ikiwa hai ilhali ikizimwa hupatikana mara moja.

Hapa yafaa niseme neno kuhusu vitenzi viwili vinavyotumiwa zaidi na waendeshaji wetu. Cha kwanza ni kuteleza. Husemwa "pikipiki inateleza," na msikilizaji hajui ni klachi inayoteleza ndani ya injini au ni tairi linaloteleza kwenye matope. Cha pili ni kushika. Niliwahi kuwasikia vijana wawili wa bodaboda wakisema "klachi inashika." Mmoja alikuwa akiisifu yake, kwamba ina nguvu. Mwenzake alikuwa akilalamika kwamba akiiminya haiachii. Kitenzi kimoja katika kauli ya kutenda kilibeba afya na ugonjwa kwa pamoja. Wangalisema "zinashikana" na "haziachani", utata ungalitoweka papo hapo. Mofimu -an- ndiyo inayomlazimu msemaji kuziona pande zote mbili.

Ugonjwa ukishapata kitenzi chake, hatua inayofuata ni kuwaondolea lawama majirani. Mambo mengi hujifanya klachi. Mnyororo uliolegea juu ya sproketi yenye meno yaliyoliwa huruka, na mwendeshaji huhisi nguvu imepotea ghafla. Breki iliyokaza humfanya adhani injini haisukumi. Injini iliyochoka hupanda mlima kwa shida, ila hiyo haivumi: sauti yake hushuka pamoja na mwendo. Tofauti hii ya sauti ni muhimu. Katika klachi isiyoshikana sauti hupanda na mwendo hubaki pale pale. Tulifungua kifuniko cha mnyororo wa Baba tukaukuta mzima. Tuliinua gurudumu la nyuma, likazunguka bila kizuizi. Kisha tukafanya jaribio linalojulikana na mafundi wengi: injini ikiwa imepata moto, unaweka gia ya juu, unakaza breki zote mbili, unaongeza mafuta kidogo, halafu unaachia mkono wa klachi taratibu. Klachi nzima huizima injini. Yetu iliendelea kuvuma, na baada ya nukta chache tu ikaanza kutoa harufu ya mafuta yaliyoungua. Jaribio hili lisirudiwe mara nyingi, kwani linazichoma sahani.

Baada ya majirani ni kebo. Mkono wa klachi unapoachiwa, lazima uwe na ulegevu kidogo kabla haujaanza kuvuta. Katika pikipiki ya namna hii ulegevu huo huwa kati ya milimita 10 na 20 ukipimwa kwenye ncha ya mkono. Jambo la kustaajabisha ni kwamba kebo hiyo moja huweza kuleta maradhi yote mawili. Ikikazwa mno, huwa inavuta daima, kana kwamba mwendeshaji ameminya nusu, na sahani hazishikani. Ikilegezwa mno, mkono hufika mwisho kabla springi hazijalemewa vya kutosha, na sahani haziachani. Ya Baba haikuwa na ulegevu hata wa milimita moja. Mtu alikuwa ameikaza, pengine akiamini kwamba kukaza ni kutia nguvu. Tuliilegeza, tukatia mafuta ndani ya kebo, kisha Baba akaijaribu mlimani. Alipita kona ya nne salama. Ya saba ikamshinda.

Hatua ya tatu ni oili. Klachi ya pikipiki hii huogelea katika oili ile ile inayolainisha injini, na kwa hivyo tabia ya oili ni tabia ya klachi. Oili nyingi za magari ya kisasa hutiwa viungo vya kupunguza msuguano ili kuokoa petroli. Kwa gari hiyo ni neema, maana klachi yake iko nje ya oili. Kwa pikipiki yenye klachi ya kuogelea huweza kuwa balaa, kwa kuwa klachi huishi kwa msuguano huo huo unaopunguzwa. Ndiyo sababu Wajapani waliweka mwaka 1998 kiwango cha oili za pikipiki kiitwacho JASO, na oili inayofaa klachi za namna hii huandikwa MA kwenye chupa. Mkebe tulioukuta ghalani ulikuwa wa oili ya gari, na maandishi yake yalijisifia kuokoa petroli. Tuliimwaga oili yote injini ikiwa na joto, tukatia ifaayo.

Kilichobaki ni kufungua. Nasisitiza kwamba kufungua huja mwisho, kwa sababu mambo yote yaliyotangulia hugharimu muda tu. Tuliondoa kifuniko cha upande wa kulia, tukatoa bolti nne na springi zake nne. Sahani za msuguano zilikuwa bado nene, takriban milimita 3, na hilo halikutushangaza kwani zilikuwa mpya. Zile za chuma tulizilaza juu ya kioo cha dirisha moja baada ya nyingine. Hakuna iliyoyumba. Sahani ya chuma iliyopindika kwa joto huacha mwanya juu ya kioo, na mara nyingi huwa imegeuka rangi ya samawati. Tulitazama mapengo ya kasha, ambamo meno ya sahani huweza kuchimba mifuo midogo. Mifuo hiyo huyanasa meno na kuzizuia sahani zisiachane, lakini kwa Baba gia ziliingia vizuri, hivyo hatukuitarajia wala hatukuiona.

Springi ndizo zilizotoa siri. Katika duka la vipuri vya bodaboda nilipata nne mpya za injini ya aina hiyo. Zilipatikana kwa urahisi kwa sababu injini nyingi za pikipiki zilizoundwa Uchina zimefuata muundo wa CG125. Nilizisimamisha kando ya zile za zamani juu ya meza. Za zamani zilikuwa fupi hata kwa macho makavu. Springi iliyofupika haina tena nguvu ya kubana. Aliyetia sahani mpya alizifunga kwa springi zilizochoka, na kwa hivyo sahani zikawa na uwezo wa kushikana bila kuwapo wa kuzishikanisha. Tuliziosha sahani kwa mafuta ya taa ili oili ya zamani itoke, tukaziloweka katika oili mpya kabla ya kuzirudisha, na bolti tukazikaza kwa mkingamo, kidogo kidogo, ili kifuniko cha springi kishuke sawasawa. Kwa kuwa tulikuwa tumekwisha fika pale, tulikisafisha pia kichujio kinachozunguka na mhimili wa injini, ambamo uchafu hujikusanya. Gharama yote, oili na gasketi zikiwemo, haikufikia bei ya mbuzi mmoja.

Alhamisi iliyofuata Baba alipanda hadi kwa shangazi na kurudi. Ijumaa akampigia simu mnunuzi wa chuma chakavu, akamwomba radhi, akamwambia asijisumbue.

Ni mafunzo gani yanayotuhusu sisi wanafunzi na walimu wa Kiswahili? Kwanza, ufundi si adui wa lugha sanifu, wala karakana si mahali pa maneno ya mitaani peke yake. Baba hakujua jina la kasha wala la kitovu, na hakuna istilahi mpya iliyobuniwa siku hizo tatu. Yaliyotufikisha ni hu- na -ki- na -an-, viambishi ambavyo kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huvichora katika mtihani wa mofolojia na kuvisahau akitoka. Pili, tunapokusanya msamiati wa nyanja fulani, tusitosheke na orodha ya majina ya vitu. Mtafiti anayekwenda kwa mafundi wa pikipiki, kwa mafundi cherehani au kwa wavuvi, aandike pia kila kitu hufanyaje kikiwa kizima, kinaposhindwa husemwaje, na masharti ya kushindwa huko hutajwa kwa viambishi gani. Aandike vilevile pale ambapo kitenzi kimoja kinabeba maana mbili zinazopingana, kama "inashika" ya wale vijana, kwani hapo ndipo mteja hulipia sahani ilhali tatizo ni springi.

Tatu, istilahi tunazozipendekeza katika warsha zetu zipimwe kwa swali jepesi: je, mtu asiyekijua kifaa kwa jina anaweza kuzitumia kumweleza fundi maradhi yake? Vijana wengi humu nchini hupata riziki yao kwa pikipiki. Wengi wao huambiwa kila mwezi kwamba kitu fulani kimekufa. Wakiwa na "hazishikani", "haziachani" na "zimegandamana", wataweza kuuliza swali la pili, na fundi mwaminifu atafurahi kuulizwa.